Unaishi jirani na Ruvuma? Hivi ndo mwananchi wa kawaida anavyolinda mpaka

Habari za muda huu wakuu. Hii nawaandikia zaidi watu wa Mtwara Vijijini, Tandahimba, Newala na Nanyumbu, pamoja na ndugu zangu wa pwani kuanzia Msimbati mpaka Kilwa huko Lindi, yani mtu yeyote ambaye kwake ng'ambo ya mto sio ughaibuni, ni kwa shangazi.

Ukimuuliza mtu huku mpaka unalindwa na nani atakwambia jeshi na Uhamiaji, maongezi yameisha. Ni kweli wapo na kazi wanaifanya. Ila chukua ramani. Kwa mkoa wetu ukitaka kuvuka kihalali unajua ni Kilambo kule Mtwara Vijijini au Mtambaswala kule Nanyumbu lilipo Daraja la Umoja, lile la mita 720 walilofungua Rais Kikwete na mwenzake Guebuza wa Msumbiji Mei 2010. Sasa kati ya Kilambo na Mtambaswala kuna nini? Mto mrefu, mitumbwi, mashamba ya mpunga, na kiangazi maji yakipungua kuna sehemu unakunja suruali unavuka kwa miguu. Hata ulete kikosi gani huwezi kusimamisha askari kila penye mtumbwi.

Na yaliyotokea tunayajua. Tarehe 5 Oktoba 2017 magaidi wa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo yetu, walivamia mji wa Mocímboa da Praia, wengi wetu tukasema hayo ni ya Msumbiji. Oktoba 2020 wakavuka mto wakaingia Kitaya, kijiji chetu kabisa, wakaua watu na kuchoma nyumba. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, mji wa huko huko Msumbiji, na mtu wa Kilambo hahitaji kuelezwa Palma ilivyo karibu. SADC wakaleta kikosi chao cha SAMIM Julai 2021, Julai 2024 kikamaliza muda kikaondoka, sisi tupo palepale. Kwa iyo nataka niongelee mambo ambayo mimi na wewe tunaweza kufanya bila bunduki na bila kujifanya usalama wa taifa, maana wa aina hiyo nao wapo na wanaharibu kuliko wanavyosaidia, nitawafikia.

Anza na wewe mwenyewe: vuka pale panapovukwa

Najua hii watu hawaipendi. Una mgonjwa ng'ambo, au kuna msiba, mtumbwi upo hapo chini ya kijiji na mwenye mtumbwi ni binamu yako, uende mpaka Kilambo kupanga foleni ya nini. Sikia kwanza sababu. Doria ikikuta njia ya panya inapita watu mia wema na watatu wabaya, haiwezi kujua nani ni nani, itawasumbua wote mia na tatu au itawaacha wote wapite. Wale mia wakihamia getini, wanaobaki kule porini wanaonekana wenyewe. Askari mwenye akili anakitaka hicho kuliko hata gari jipya la doria.

Kwa Mtanzania kwenda Msumbiji viza haihitajiki, kinachotakiwa ni hati ya kusafiria. Pasipoti ya kielektroniki inatolewa tangu 2018, ada ni 150,000, na kama hiyo hela huna au safari ni ya ghafla, nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa au wilaya uulizie hati ya dharura ya kusafiria, ni nafuu na kwa safari za nchi jirani inatosha. Nenda na kitambulisho cha NIDA au namba yake, cheti cha kuzaliwa kama unacho, na kama huna hivyo anzia kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua, usianzie kwa kishoka anayekaa nje ya ofisi. Ukifika kituoni hakikisha umegongwa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia kule, vyote viwili, soma tarehe kabla hujaondoka dirishani. Watu wanaruka mhuri mmoja alafu wakirudi wanashangaa kuambiwa hawakuwahi kutoka. Kilambo kuvuka kunategemea maji na kivuko, kwa iyo ulizia kabla hujapanda gari toka Mtwara mjini, usije ukafika jioni ukaishia kutafutiwa mtumbwi na kijana usiyemjua. Mzigo wa biashara utaje kwa TRA hata kama ni samaki wakavu. Korosho ndo kabisa, msimu ukianza kuna watu wanavusha gunia usiku ili ziingie kwenye minada yetu, na ile njia inayopitisha gunia za magendo haimuulizi mtu kabeba nini kingine. Mwenye mtumbwi akishazoea kulipwa ili asiulize, hataanza kuuliza siku ya hatari.

Pasipoti ikipotea usikae nayo moyoni. Nenda polisi siku hiyohiyo upate taarifa ya upotevu, kisha Uhamiaji. Mtu anafikiri hasara ni ile ada tu, lakini pasipoti halali mikononi mwa mtu mwingine ni mali sana. Ikiripotiwa inaweza kuingizwa kwenye orodha ya Interpol ya hati zilizopotea na kuibwa ambayo nchi nyingi zinaisoma mipakani, isiporipotiwa inaendelea kusafiri kwa jina lako. Na hili sio la kufikirika. Bomu la ubalozi wa Marekani pale Dar tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu 11. Mmoja wa walioshiriki, Khalfan Khamis Mohamed, aliondoka nchini baada ya tukio akiwa na pasipoti ya Tanzania yenye jina lisilo lake, akaenda kukaa Cape Town zaidi ya mwaka, akakamatwa Oktoba 1999 na baadae akafungwa maisha Marekani. Bomu lenyewe lilitengenezwa kwenye nyumba ya kupanga, nyumba ya kawaida mtaani. Yani hapo una vitu viwili ambavyo sio vya jeshi hata kidogo, nyumba iliyopangishwa na kitabu cha pasipoti.

Mwenye nyumba, mwenye gesti, mwenye shamba

Hapa ndo pakubwa kuliko pote kwa maoni yangu. Septemba 2001 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1373, na moja ya mambo liliyoziagiza nchi zote ni kuzuia magaidi kutembea toka nchi moja kwenda nyingine kwa kudhibiti mipaka na kudhibiti utoaji wa vitambulisho na hati za kusafiria. Maneno makubwa ya New York hayo, lakini huku kwetu yanaishia kwenye daftari la kaunta lenye mistari linalokaa mezani kwa mhudumu wa gesti. Kama lile daftari limeandikwa "Juma, Dar, biashara" kurasa nzima, hatuna mpaka.

Kama una gesti, Masasi, Tandahimba, Mtwara mjini, popote, jaza hivi: majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, aina ya kitambulisho na namba, ametoka wapi na anaelekea wapi, simu, siku ya kuingia na kutoka. Simu ipige palepale mbele yake iite, ni kitu cha sekunde tatu. Kitambulisho kiangalie sura, ufanane na aliyesimama, umrudishie, usikishikilie kama rehani maana hiyo ni kumnyanyasa na pia ni kujitafutia kesi. Mgeni wa nje ya nchi angalia na mhuri wa kuingia kama upo na siku zake hazijaisha. Kijana wako wa mapokezi mfundishe kwamba hela ya ziada ili jina lisiandikwe ndo sababu ya kukupigia simu wewe, na ukipigiwa usimkaripie kwamba amekuamsha. Maofisa wakija kukagua kitabu wape, ila wajitambulishe na wewe uandike nani kaja lini, sio kila mwenye redio kiunoni ni askari.

Mwenye nyumba ya kupangisha wewe ndo mbaya zaidi, naomba nisema ukweli. Unapokea kodi ya miezi sita kwa M-Pesa toka kwa dalali, mpangaji humjui hata sura, mwenyekiti wa mtaa hana habari. Dawa ni ndogo. Mkataba wa maandishi, nakala ya kitambulisho, idadi ya watakaolala humo, na ndani ya siku chache mpeleke kwa mwenyekiti au balozi wa nyumba kumi akamsalimie. Mpangaji mwema anafurahi maana ndo anapata wenyeji. Asiyetaka kabisa kuonana na mwenyekiti, anayelipa mwaka mzima kwa nyumba ya pembeni ambayo hata watoto wako hawaitaki, na kila wiki wanalala watu tofauti, hapo una sababu ya kusema. Angalia nimesema vitu hivyo vyote kwa pamoja. Kimoja peke yake kinaweza kuwa ni mtu tu na mambo yake, mchepuko wengine wanalipa mwaka mzima.

Mashambani ni kazi kidogo maana vibarua wa palizi na kuokota korosho wanatoka ng'ambo miaka yote, tunawajua na tunawahitaji. Usiwafiche. Watu wanawaficha kwa kuogopa Uhamiaji, na matokeo yake shamba linakuwa na watu kumi ambao kijiji hakiwajui, na wao wenyewe wakiona kitu cha ajabu porini hawathubutu kusema kwa sababu wataanza kuulizwa wao. Waandikishe kwa mtendaji, ulizia Uhamiaji utaratibu wa vibali, ukiwa na mashaka uliza kabla ya msimu sio wakati korosho zinaanguka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sasa mpaka umpe jembe si utakuwa ushajua anatoka kwa nani?

Wazee wetu haya waliyaweza. Kati ya 1964 na 1974 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipokuwa wanapigana na Mreno, wapiganaji wanafunzwa Nachingwea, wakimbizi wa Kimakonde wanaingia kila siku na Mreno ana watu wake wa kuchungulia, vijiji vya huku vilikuwa vinajua nani kalala kwa nani. Hawakuwa na NIDA wala kamera. Balozi alikuwa anapita jioni anasalimia.

Boda, mitumbwi na watu wa bahari

Boda mnaona vingi kuliko polisi, sema mnavisahau ukishapata abiria mwingine. Sikuambii umpekue abiria. Weka akilini vitu vichache: anayekataa barabara ya kawaida na kutaka kushushwa kabla ya kizuizi alafu akutane nawe mbele, anayelipa mara tatu ya nauli bila kupatana, watu wageni wanaotaka kupelekwa mtoni usiku sehemu isiyo na kijiji. Mizigo nayo. Watu waliojificha porini wanakula, wanaumwa, wanahitaji petroli ya boti na pikipiki, betri, simu. Kwa iyo mtu asiye na duka wala zahanati ananunua dawa za vidonda na antibayotiki kwa makasha, petroli kwa madumu kila baada ya siku mbili, unga na mchele wa kulisha kambi, na anataka zipelekwe mwisho wa barabara, hapo mwenye duka, mwenye famasi na wewe boda wote mmeona kipande. Tatizo kila mmoja anaona kipande chake anasema ni biashara. Chama chenu cha boda kikae na polisi kata hata mara moja kwa mwezi, muongee hayo, muachane.

Kwa wavuvi, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) ifanye kazi yake ya kweli sio kukusanya ushuru tu. Kila chombo kijulikane namba yake, nahodha wake na mabaharia anaotoka nao, na akitoka na sita arudi na sita. Msimbati, Msangamkuu, Mikindani, Mchinga, Kilwa, kila bandari ndogo watu wanajuana kwa majina, chombo kigeni kikitia nanga usiku kisicho na nyavu wala samaki kinajulikana kesho yake asubuhi sokoni. Shida taarifa inaishia hapohapo sokoni. Mkikutana na chombo cha aina hiyo baharini msikisogelee kukihoji, mkumbuke kilipo na kinakoelekea, rudini. Na mtu akikodi boti yako wiki nzima kwa bei ambayo hata kuvua huipati, wewe mwenyewe moyo unakwambia.

Laini ya simu

Fupi tu hapa. Bonyeza *106# uangalie namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta usiyoijua nenda kwenye duka la mtandao husika ifutwe. Usiweke dole gumba kumsajilia mtu laini, awe mjomba, awe mgeni aliyesahau kitambulisho, awe wakala anayekwambia "mtandao umegoma weka tena". Ikija kukutwa ilipokutwa wewe ndo mwenyewe. Wakala wa pesa, mtu anayetoa kiasi kilekile kwa majina manne tofauti siku moja mkumbuke sura. Meseji za utapeli tuma 15040.

Kijana wako kaambiwa kuna kazi Msumbiji

Hii inauma na watu hawaiongelei kwa sababu ya aibu. Kijana wa miaka 19, msimu umeisha, hana kitu, anatokea mtu mwenye maneno mazuri anamwambia kuna kazi ya uvuvi, kuna duka linahitaji msaidizi, kuna rubi, yale mawe ya vito, kule Montepuez Msumbiji (na rubi zipo kweli, toka 2009 watu wamekuwa wakimiminika, ndo maana uongo huo unaaminika), au kuna mahali pa kusoma dini bure na chakula. Nauli analipiwa. Mkopo mdogo anapewa kwanza, wa mtaji, alafu deni linakuwa kamba.

Kabla hajaondoka muulize mambo ambayo kazi ya kweli ina majibu yake. Mwajiri ni nani na simu yake ni ipi, na nikiipiga sasa hivi anapokea? Kazi ipo mji gani, wilaya gani? Nani wa kijijini kwetu amewahi kufanya kazi hapo akarudi? Unavuka wapi, na kwa nini kama ni kazi ya halali usipitie Kilambo au darajani na hati yako? Hili la mwisho ndo kipimo kizuri kuliko vyote. Mtu anayempeleka mwanao kazini halafu anasisitiza mvuke usiku na simu aiache nyumbani, huyo hampeleki kazini. Kama ni madrasa, sheikh wa msikiti wenu anaweza kuulizia kupitia Bakwata wilayani, na sheikh mzuri hatachukia kuulizwa.

Na akishaondoka je? Wazazi wengi wananyamaza miezi, wanaogopa wataonekana familia ya magaidi. Nenda mapema. Mzazi anayekuja siku ya pili kusema mwanangu kaondoka na fulani, hii picha yake, hii namba aliyokuwa anaongea nayo, anapokelewa kama mzazi aliyepotelewa na mtoto. Mzazi anayekuja kutafutwa mwaka mmoja baadae ana maelezo mengi ya kutoa. Nenda na mtu mnayemuamini, mwenyekiti au kiongozi wa dini, mueleze kila kitu mara moja. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 inambana anayemficha au kumsaidia mhusika, haikubani wewe uliyekuja mwenyewe kutafuta mwanao.

Namna ya kutoa taarifa ikafaa

Taarifa nyingi zinazofika ofisini hazina faida. "Kuna watu siwaelewi kule bondeni." Sawa, wafanye nini na hiyo? Taarifa nzuri ina: wangapi, saa ngapi na siku gani, sehemu ipi kwa alama inayojulikana (mkorosho mkubwa wa fulani, kivuko cha zamani, kisima), walikuwa wanafanya nini, wamebeba nini, wametoka wapi wameelekea wapi, na bado wapo au wameondoka. Alafu sema wazi ulichokiona kwa macho na ulichoambiwa. "Niliwaona wanne, mwanangu anasema jana walikuwa saba" ni taarifa ya dhahabu, kuliko "walikuwa kama kumi hivi". Usiongeze chumvi ili waje haraka, maana wakija wakakuta wanne badala ya arobaini mara ya pili hawatakimbia.

Unampa nani? Ngazi ya kwanza ni balozi, mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Kila kata ina polisi kata, namba yake iwe kwenye simu yako kwa jina ambalo hata simu ikishikwa halishangazi mtu. Ikiwa ni hatari ya sasa hivi piga 112. Kama unayemshuku ni mwenyekiti mwenyewe au ndugu yake, ruka, nenda kituo cha polisi cha wilaya au ofisi ya Mkuu wa Wilaya, yeye ndo mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Sheria ipo ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, ya 2015, kwa iyo omba jina lako lisiandikwe kwenye kitabu cha wazi kinachosomwa na kila anayepita kaunta. Na wewe ujilinde: ukishatoa usirudi kijiweni kusema. Waliopitia habari za Kibiti, mkoa wa Pwani, mwaka 2017 wanajua viongozi wa vijiji na mitaa waliuawa, watu hawa wanawatafuta wale wanaowazuia. Kwa iyo viongozi wa polisi mnaosoma hapa, mkipewa taarifa na mama muuza maandazi msimfuate kesho yake kwenye meza yake na gari lenye namba za serikali, mtakuwa mmefunga midomo ya soko zima.

Kitu kingine, grupu za WhatsApp. Ukisikia milio au ukiona picha ya watu wenye silaha usirushe "wameingia Mahurunga jamani kimbieni" kabla hujapiga simu mahali. Kama ni uongo umekimbiza wajawazito na wazee usiku bure, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakusubiri. Kama ni kweli, umewaambia na wao watu wanakimbilia wapi. Video za kuchinja na za kujisifu nazo zifute, ukizisambaza umewafanyia kazi yao ya matangazo bila malipo.

Usimtafute gaidi kwa sura

Nilisema nitawafikia wale wanaojifanya usalama. Unakuta kijana wa ulinzi shirikishi anasimamisha kila mwenye ndevu na kanzu fupi, au kila anayeongea Kimwani (lugha ya pwani ya Cabo Delgado), au Kimakonde chenye lafudhi ya kule. Jamani, huku kwetu lafudhi itakuambia nini? Wamakonde wapo pande zote, Wamakua wapo pande zote, nusu ya Newala ukiwafuatilia babu zao wamevuka mto. Ukitumia kipimo kinachomnasa nusu ya mkoa hujapima chochote. Na ubaya wake sio kwamba ni dhambi tu, unaharibu kazi: wale watu wa msikitini na wale wahamiaji ndo wanaomuona kwanza mgeni mwenye mafundisho ya ajabu, ukishawadhalilisha watakuambia nini tena? Na yule anayetafuta vijana wa kuwachukua umempa hotuba, atawaambia mnaona wanavyowatazama. Tazama matendo, yale niliyoyataja huko juu, achana na nguo.

Kuna na watu wanaokimbia vita wenyewe, mama na watoto wamelala porini siku kadhaa wanavuka wakiwa hawana hata sendo. Hao usiwaogope na usiwafiche chumbani. Wape maji, wape uji, mwite mtendaji. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze kwa ofisa husika ndani ya siku 7 toka aingie, na mtendaji wa kijiji ni mmoja wa wanaotajwa, kwa iyo kumpeleka kwa mtendaji ni kumsaidia yeye pia. Kumrudisha mtoni mwenyewe kwa fimbo sio kazi ya mgambo. Tena watu hawa wanajua mengi, wamewaona hao jamaa uso kwa uso, mwenye kuwahoji kwa upole anapata kuliko anayewafokea.

Hili la kijiji kizima

Yote haya ukiyafanya peke yako utachoka. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na mara nyingi agenda ni michango ya shule na mapato na matumizi, watu wanazomeana wanaondoka. Ukiitishwa unaofuata simama uombe iingizwe agenda moja, wageni na wakaazi wapya. Mwenyekiti asome wameingia wangapi toka mkutano uliopita, kaya zipi, sio kuwataja wasutwe, ni ili wasimame wakaribishwe na waliokuwa hawajaandikwa waandikwe palepale. Muulize na kamati ya ulinzi ya kijiji ina watu gani, wanawake wangapi humo ndani (maana visimani na mashineni wanawake ndo wanasikia kwanza), doria zinapangwaje na tochi zina betri. Mkubaliane pia milio ikisikika watu wanakusanyika wapi, nani anabeba wazee, na njia ipi ya kutoka isiyopita mtoni. Kisha mtendaji abandike ubaoni namba ya polisi kata, na kabla mkutano haujafungwa mtu mmoja aipige mbele ya wote isikike kama inaita, maana vijiji vingine ile namba ni ya askari aliyehamishwa zamani.